Nyumba mpya, kuta tupu: kipi ufanye mwenyewe kwanza, na kipi kisubiri

Siku za kwanza ndani ya nyumba mpya mikono huwasha. Kuta zote nyeupe, kila chumba kina taa moja katikati ya dari, vishikio vya kabati ni vilevile vya nyumba zote alizojenga mkandarasi huyo, na kichwani tayari una picha ya namna unavyotaka kuishi humo. Mimi nilinunua rangi wiki ileile niliyokabidhiwa funguo. Kabla mwezi haujaisha, ukuta wa sebule ulikuwa umetoa malengelenge, nikalazimika kukwangua kazi ya siku mbili hadi kwenye lipu. Tangu hapo, nikilinganisha kazi mbili za nyumbani, swali la gharama huja mwisho. Kwanza nauliza kama nyumba iko tayari kuipokea kazi hiyo, kisha nauliza nikikosea nitairudishaje kama ilivyokuwa. Kwa maswali hayo mawili nimezipima kazi zinazofuata.

Nyumba bado inakauka

Ukuta wa saruji unaoonekana mkavu unaweza kuwa na maji mengi ndani. Lipu ya saruji huhitaji takriban wiki 4 kabla ya kupakwa rangi, na zaidi ya hapo kama hewa ni nzito au madirisha hayafunguliwi. Sakafu ya zege huchelewa zaidi. Kipimo cha jumla ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo zege la milimita 100 laweza kuchukua miezi 4 hivi kabla halijawa salama kuwekewa mbao au vinili juu yake.

Huhitaji kubahatisha. Kata kipande cha nailoni kizito na angavu, sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani au sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kisha kiache usiku kucha, angalau saa 16. Ukikuta matone ya maji chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko sehemu za pembeni, subiri. Pima zaidi ya sehemu moja, na usisahau ukuta wa bafuni na ule unaopigwa na mvua.

Maji si tatizo pekee. Saruji changa ni kali: kipimo chake cha pH hufika 12 hadi 13, na ukali huo hula rangi ya mafuta, ukaigeuza kitu cha kunatanata kama sabuni. Maji yanapotoka nje ya ukuta hubeba chumvi, ndiyo ule unga mweupe unaouona ukichanua juu ya rangi. Ufute kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani.

Kisha kuna nyufa. Nyumba nyingi hupata nyufa nyembamba kama unywele katika mwaka wa kwanza, kwa sababu lipu na zege husinyaa vikikauka. Hizo huzibwa kwa puti na maisha yanaendelea. Ufa unaopanuka mwezi hadi mwezi, au unaoanzia pembe ya mlango au dirisha na kupanda mshazari huku ukizidi kuwa mpana, ni habari nyingine: upige picha ukiwa na rula pembeni, uandike tarehe, umwonyeshe mkandarasi. Mikataba mingi ya ujenzi humpa muda maalumu wa kurekebisha kasoro. Ukiufunika ufa kwa karatasi ya maua au ubao wa mapambo, umeficha ushahidi wako mwenyewe.

Rangi au karatasi ya ukutani?

Hili ndilo swali la watu wengi, na kwa nyumba mpya nina jibu: rangi ya maji kwanza, karatasi baada ya mwaka. Lakini sababu zake zinafaa kufahamika, kwa kuwa kuna vyumba ambavyo jibu hubadilika.

Rangi ya maji huacha ukuta uendelee kupumua kidogo. Unyevu uliobaki hupata njia ya kutoka, na kasoro ikijitokeza unakwangua, unapiga puti, unapaka tena palepale. Karatasi, hasa ile yenye ngozi ya plastiki inayofutika kwa kitambaa, hufunga ukuta. Unyevu ukikwama nyuma yake huzaa ukungu mweusi usiouona mpaka harufu ikuambie. Kwenye ukuta wa nje wa nyumba changa sithubutu kuibandika. Kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili, hatari ni ndogo zaidi.

Upande wa ustadi, rangi humsamehe mwanafunzi. Tone likidondoka unalifuta, mstari ukipinda unaurudia. Karatasi haina huruma kwenye kipande cha kwanza. Kikienda upande kwa milimita chache tu, kila kipande kinachofuata kinaongeza kosa, na ukifika kona ya mwisho maua yamelala. Usikipange kipande hicho kwa kufuata kona ya chumba. Kona za nyumba mpya, kama za nyumba kuukuu, hazijanyooka kila mara. Chora mstari kwa timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, na uufuate huo.

Tuchukue ukuta mmoja wa mita 4 kwa mita 2.7, yaani mita za mraba 10.8. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kama ukuta ni laini na umeshapata praima, ile rangi ya msingi inayotangulia. Mikono miwili ni lita 2 hadi 2.5. Lipu mbichi isiyo na praima hunywa zaidi ya hapo, na praima ya nyumba mpya iwe ile inayostahimili ukali wa saruji. Kwa karatasi, roli la kawaida la upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 hutoa vipande 3 kwa kimo hicho. Ukuta wako unataka vipande 8, basi ni maroli 3, na la 4 la akiba kama michoro ni mikubwa na lazima ikutane. Hakikisha maroli yote yana namba moja ya toleo. Tofauti ndogo ya rangi kati ya matoleo haionekani dukani, ila ukutani hujitokeza kama kiraka.

Karatasi ya kujibandika, isiyohitaji gundi, hupendwa na wanaohofia kujifunga. Nayo ina masharti. Rangi iliyo chini yake iwe imekomaa wiki 3 hadi 4, maana rangi hukauka kwa kuigusa ndani ya saa chache lakini huchukua wiki kushika sawasawa. Ukiibandika mapema, siku ya kuibandua inatoka na rangi yote, wakati mwingine na ngozi ya puti. Kwa hiyo ile ahadi ya kubandua bila alama ni ya kweli kwa ukuta uliokomaa tu.

Mng'ao nao una maana yake. Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu, ilhali ile inayong'aa huyatangaza. Kabla ya kuchagua, zima taa usiku, weka tochi ubavuni mwa ukuta na umulike ukutani kote. Utaona kila kovu la mwiko wa fundi. Ukuta wenye mawimbi mengi usiupe mng'ao hata kama unaupenda.

Na rangi yenyewe usiichague kwenye kikadi. Paka kipande cha kadibodi kikubwa mikono miwili, kihamishe ukuta hadi ukuta, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku chini ya balbu zako. Rangi hiyohiyo ikienea ukuta mzima huonekana nzito kuliko ilivyokuwa kwenye kadi. Hatua hii huchukua siku mbili, na katika kazi yote ya rangi ndiyo ninayoithamini zaidi.

Rafu za ukutani au kabati la kusimama?

Rafu ya ukutani huacha sakafu wazi na hukipa chumba sura yako haraka. Kabati la kusimama huhama nawe kutoka chumba hadi chumba. Watu hulinganisha hivyo wakaishia hapo, na wanasahau kuuliza ukuta umetengenezwa kwa nini.

Ubishe kwa kifundo cha kidole. Mlio mzito na mfupi ni tofali au zege. Mlio wa ngoma ni ubao wa jipsamu juu ya fremu. Kwenye zege utahitaji drili ya kugonga, na ile ndogo ya kufungia skrubu itakuchosha bure. Kwenye tofali zenye matundu, kile kiziba cha plastiki ambacho mafundi wengi hukiita fisha huweza kuzunguka hewani kisishike kitu, hivyo tafuta aina inayojikunja nyuma ya tundu. Kwenye jipsamu, zitafute nguzo za fremu, ambazo mara nyingi hupangwa kila sentimita 40 au 60. Sumaku ndogo ukiitembeza ukutani itanasa vichwa vya skrubu na kukuonyesha zilipo. Rafu ya vitabu ikishikiliwa na ubao wa jipsamu peke yake itaanguka, ni suala la muda tu.

Ukubwa wa tundu ufuate fisha: fisha ya milimita 8, tundu la milimita 8. Kina ndicho wengi hukosea. Fisha inapaswa kukaa ndani ya tofali, wala si ndani ya lipu, kwa hiyo jumlisha unene wa lipu na urefu wa fisha, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya vumbi linalobaki ndani. Zungushia tepu kwenye ncha ya drili kuonyesha pa kukomea.

Kuhusu uzito, mita moja ya vitabu vinene yaweza kufika kilo 30. Ubao wa unga wa mbao wa milimita 18 ukibeba mzigo huo hupinda taratibu kama mihimili yake imeachana sana. Mimi siuachi umbali kati yake uzidi sentimita 60. Ile rafu isiyoonyesha mihimili, inayoonekana kama imeota ukutani, ni nzuri kwa picha, vyungu vidogo na redio. Vitabu vipe mihimili inayoonekana, na mihimili ikiwa ya chuma chenye umbo zuri nayo ni pambo.

Kabla ya kutoboa popote, tazama soketi na swichi. Waya za umeme hupandishwa wima au kupitishwa mlalo kutoka kwenye visanduku hivyo. Sehemu iliyo juu, chini na ubavuni mwao usiiguse, hata kama ndiyo ingependeza. Kwa bomba za maji, fuata mantiki hiyohiyo kutoka kwenye mfereji na bafu. Ukipata nafasi ya kupiga picha kuta kabla hazijapigwa lipu, piga ukiwa umeweka futi ya kupimia ndani ya picha. Picha hizo zitakufaa miaka yote utakayoishi humo.

Je, kabati la kusimama linashinda kwa kuwa halitaki matundu? Hapana, kama ni refu. Kabati refu lisilofungwa ukutani linaweza kumwangukia mtoto anayepanda droo zake kama ngazi. Lifunge kwa vyuma viwili vya pembe juu. Ni matundu mawili, sawa na ya rafu fupi. Kwa hiyo ukilinganisha kwa haki, tofauti ya kazi ni ndogo. Kinachobaki ni swali la kuhama: kama bado hujui chumba kipi kitakuwa cha nini, nunua au unda kabati kwanza. Ukishaishi humo miezi sita utajua unapoketi, unapoweka mkoba, ukuta gani hupigwa na jua la jioni. Ndipo rafu ipate mahali pake.

Taa: kazi ndogo inayobadilisha mengi

Kama una siku moja tu na huna drili, acha kuta zilivyo na ushughulikie mwanga. Taa moja ya katikati ya dari hufanya kila chumba kionekane kama ofisi. Hapa ulinganisho ni wa ngazi tatu.

Ya chini kabisa ni kubadili balbu. Soma namba ya kelvini kwenye boksi: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa dhahabu unaofaa sebule na chumba cha kulala, 4000 ni mweupe wa kufanyia kazi jikoni, 6500 ni mweupe wa kibuluu ambao mimi siuweki popote ninapopumzikia. Soma pia kipimo cha uhalisia wa rangi, kinachoandikwa CRI. Balbu ya 90 na zaidi huonyesha rangi za nguo, chakula na ule ukuta uliouchagua kwa uangalifu jinsi zilivyo. Wengi hulalamikia rangi ya ukuta wakati kosa ni la balbu.

Ya pili ni taa za kusimama na za mezani. Hazitobolewi, hazifungwi, na ukikosea unazihamisha. Mbili au tatu zikiwekwa pembe tofauti, chini ya usawa wa macho, chumba hupata vivuli na kina. Kwa mtu aliyehamia juzi hili ndilo chaguo langu la kwanza, mbele hata ya rangi.

Ya tatu ni mikanda ya LED chini ya kabati za jikoni, juu ya pazia au nyuma ya ubao wa kitanda. Inapendeza, ila inataka hesabu. Mkanda wa wati 14.4 kwa mita ukiwa na urefu wa mita 5 hula wati 72. Adapta isifanye kazi kwa uwezo wake wote, kwa hiyo chukua ya wati 90 au zaidi. Mkanda wa volti 12 ukizidi mita 5 kutoka mwanzo hufifia mwishoni. Ugawe, au tumia wa volti 24. Ubandike kwenye mfereji wa alumini ili joto litoke, la sivyo gundi huachia na LED huchoka mapema.

Mikanda hiyo ikichomekwa kwenye soketi ni kazi yako. Kuongeza soketi, kusogeza swichi au kupitisha waya mpya ukutani ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Hapo silinganishi chochote.

Jikoni kwa ufupi

Kubadili vishikio vya kabati na kuzipaka rangi kabati zenyewe huwekwa kapu moja, ingawa ya kwanza ni kazi ya saa mbili na ya pili ni ya wiki nzima. Kwa vishikio, pima umbali kati ya kitovu cha tundu moja na kingine. Mara nyingi ni milimita 96 au 128, na ukipata vyenye kipimo hichohicho hutoboi kitu. Vile vya zamani viweke kwenye boksi.

Kupaka kabati mpya nakushauri usubiri. Nyingi zina ngozi laini ya plastiki isiyoshika rangi bila kuondolewa mafuta, kupigwa msasa wa 180 hadi 240 na kupakwa praima ya kushikisha. Baada ya hapo rangi huchukua wiki kadhaa kuwa ngumu, na jikoni haliwezi kukaa bila kuguswa wiki kadhaa. Kabati ambayo bado ni nzima haistahili kuhatarishwa hivyo.

Vigae vya ukutani nyuma ya sinki ni kazi ya heshima ambayo mtu mvumilivu anaiweza: nunua asilimia 10 ya ziada, au 15 ukivipanga mshazari, acha gundi saa 24 kabla ya kujaza grauti, ule mchanganyiko wa kuziba mianya kati ya vigae, na pale kigae kinapokutana na meza ya jikoni weka silikoni badala ya grauti. Ukuta na meza havichezi pamoja, hivyo grauti itapasuka hapo. Lakini kigae hakirudi nyuma. Kukitoa ni kuvunja lipu. Ndiyo maana katika orodha yangu kipo mwishoni kabisa, baada ya ukuta kumaliza mwaka.

Nje: kitanda kilichoinuliwa au kupanda ardhini?

Ardhi inayoizunguka nyumba mpya imeteswa. Magari mazito yameikanyaga, kifusi kimefukiwa, na mahali palipochanganywa zege udongo umekuwa na chokaa nyingi, ndiyo maana mimea mingine huwa ya njano hata ukimwagilia kila siku. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na lijaze maji. Kama kesho yake bado yamo, mizizi itaoza humo.

Kitanda kilichoinuliwa, yaani kisanduku cha mbao au tofali kilichojazwa udongo wa kupandia, hukuepusha na hayo yote. Upana wa mita 1.2 hukuwezesha kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Chenye urefu wa mita 2.4 na kimo cha sentimita 30 hutaka karibu mita 0.9 za ujazo za udongo na mboji, na huo ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Uhesabu kabla ya kupiga misumari. Kupanda ardhini kunataka pesa kidogo na jasho zaidi: toa kifusi, legeza kwa uma wa bustani, changanya mboji, rudia msimu unaofuata. Faida yake huja mwaka wa pili au wa tatu, mizizi inaposhuka chini na mimea kuvumilia ukame kuliko ile ya kitandani.

Kwa mboga na maua ya mwaka huu, jenga kitanda. Kwa miti, vichaka na ua wa kudumu, iponye ardhi. Kimoja kikiendelea, kingine hakizuiliki, na kwa mtu mwenye nafasi ndiyo njia ninayoipenda.

Popote utakapochimba, linda nyumba. Udongo ushuke kutoka ukutani, takriban sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, ili mvua ikimbilie mbali na msingi. Kitanda kisiegemee ukuta, na udongo usipande juu ya ule ukanda wa kuzuia unyevu uliolazwa chini ya tofali. Uache sentimita 15 hivi chini yake. Mti mkubwa nao uupande mbali, walau umbali sawa na kimo utakachofikia ukikomaa. Mche wa leo una urefu wa goti, kwa hiyo simama mahali unapotaka kuuchimbia, tazama juu, na upime hadi ukutani kabla ya kushika jembe.